Alama Ziko Juu, Somo

Somo yangu Salim,

Tulipokuwa vijana, wewe ukiwa chuo cha ualimu nami nikijifunza kazi ya maabara, kila barua yetu ilianza kwa maneno yale yale: mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Leo mambo yamegeuka. Uliye mbali huna hofu tena, inshallah, na mwenye kuhofiwa ni mimi. Kwa hivyo sikuulizi hali. Nakusalimu tu, kisha nikueleze, maana wanijua: bila kueleza siwezi kukaa.

Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike hapo Gazi. Masika yalikuja yakapita, na barabara ya kwenu ikakatika pale pale inapokatika kila mwaka. Shule yako imepata mwalimu mkuu mpya, mama kutoka Taita, mkali kidogo, na watoto wanampenda. Ameupaka mlango wa ofisi yako rangi ya samawati. Ungeuchukia kwa wiki moja, kisha ungesema lilikuwa wazo lako. Mimi nimekatazwa sukari. Strungi, chai isiyo na maziwa, naimeza kavu kama dawa, tangawizi tupu, na kila nikikunja uso nakusikia ukicheka.

Lakini sikuandiki kwa sababu ya mlango wala sukari. Ulinipa amana, nami nimeivunja. Nataka uisikie kwangu.

Nitaanza mbali, nivumilie. Ulikuwa ukiniambia, "Somo, mtu akikuomba maji ya kunywa, wewe wamwanzia mawingu." Basi haya ni mawingu.

Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita "Salim!" tukasimama wawili, wewe kutoka dawati la mbele na mimi la nyuma. Wino ulikuwa umemwagika juu ya rejista, na mwalimu alikuwa ameambiwa kwamba aliyeumwaga ni Salim. Alituchapa wote wawili, kwa kuwa hakuwa na muda wa kutafuta ni yupi. Zaidi ya miaka hamsini nimekuuliza kama ni wewe uliyeumwaga, na kila mara ulijibu, "Wino wenyewe ulikuwa na haraka." Tangu siku ile tukawa somo, kama watu wa jina moja wanavyoitana kwetu, na ulilipenda neno hilo kwa kuwa lilikuwa pia kazi yako. "Mchana nafundisha somo," ulisema, "jioni naja kuchoshwa na somo."

Nazikumbuka barua zangu ulizonirudishia umezizungushia makosa kwa wino mwekundu. Hata ile ya kukujulisha kuwa nimechumbia! Uliandika pembeni: *Hongera. Lakini 'furaha' haina h mbili.* Mke wangu ameiweka mpaka leo.

Nazikumbuka pia zile Jumamosi ulizokuja maabara hospitalini. Uliinamia hadubini ukaliziba jicho moja kwa kiganja, kama mtoto anayepimwa macho. Nilikuonyesha tone la maji ya kisima chenu. Uliruka nyuma ukaniangushia chupa. "Wana miguu!" ulisema. "Somo, wana miguu na wanakwenda mahali!" Mwezi mzima hukunywa maji yasiyochemshwa, na Mwanasiti, mke wako, alinilaumu kwa kummalizia kuni zake.

Kisha ukaanza kupumzika mara mbili kati ya nyumba yako na msikiti. Ulisema ni viatu. Ulipovua viatu ukasema ni mchanga. Ulipokubali kwamba ni pumzi, ubavu wa kushoto ulikuwa tayari umejaa maji, si ndani ya pafu lenyewe bali kati ya pafu na mbavu, mahali ambapo kwa mtu mzima wa afya hakuna nafasi hata ya kijiko. Pafu lilikuwa limesukumwa likajikunja juu kama mgeni aliyenyimwa kiti. Daktari alipiga sindano mgongoni akayatoa. Mara ya kwanza yalikuwa ya manjano, na wote tukasema kifua kikuu. Halikuwa kosa. Kwetu mtu akiwa na kikohozi na maji ya ubavuni, kifua kikuu ndicho hufikiriwa kwanza, kwa sababu mara nyingi ndicho. Nawe ulifurahi. "TB ina vidonge," ulisema, "na vidonge vina mwezi wa mwisho." Ulivimeza huku ukikata siku kwenye kalenda.

Maji yakarudi. Mara hii yalikuwa na damu, rangi ya strungi, nami nilipoyaona kwenye chupa niligeuza uso nikajifanya natafuta kalamu.

Wakumbuka jinsi tulivyokaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, yule binti wa bara mwenye sauti ya chini. Mtaalamu wa seli alikuwa ameyatazama maji yako asione kitu. Uliniuliza, "Kama hakuona, si hakuna?" Nikakwambia hapana. Seli za saratani zaweza kuwa zimeshika kwenye utando na zisidondoke majini siku ile. Kwa hivyo daktari alitaka vipimo vingine viwili vya maji yale yale. Kimoja ni cha kitu ambacho hupanda kifua kikuu kinapokuwa mahali hapo. Kingine ni cha vitu vinavyotolewa na saratani, ambavyo sisi wa maabara tunaviita alama. Nikakueleza moja ya hizo alama: ni kitu ambacho mtoto hukitengeneza akiwa tumboni mwa mamake, na akishazaliwa kinakaribia kukoma. Baadhi ya saratani hukiamsha tena.

Ukasema, "Kwa hivyo saratani ni utoto unaorudi vibaya."

Nikasema si hivyo hasa.

"Lakini ni hivyo kidogo."

Nikasema ni hivyo kidogo.

Nikaendelea, kama kawaida yangu, kwamba alama hazitoi hukumu peke yazo. Zaweza kuwa chini na saratani ipo. Na zikiwa juu, zinakuelekeza tu mahali pa kutazama. Ni lazima kinyama kikatwe kwenye utando kikapimwe ndipo mtu aseme kwa hakika. Hapo ukanikata kauli. "Nimefahamu. Ni kama harufu ya samaki jikoni. Yakwambia kuna samaki. Haikwambii ni samaki gani, wala nani kampika, na usipoisikia haina maana kuwa sufuria ni tupu." Nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote, somo, na sijawahi kuieleza vizuri namna hiyo.

Ukamwambia daktari matokeo anipe mimi, kwa kuwa lile benchi lilikuwa limekuumiza mgongo kuliko sindano.

Sasa sikiliza kosa langu. Wewe ulilijua, lakini hatukulizungumza mpaka mwisho.

Nilipewa karatasi asubuhi. Ya kifua kikuu ilikuwa chini. Za saratani zilikuwa juu. "Hizi alama ziko juu sana, mzee," daktari alisema. "Sipendi." Nilitoka nje nikakupigia simu nikiwa nimesimama kwenye jua, na ulimi wangu ukakataa kusema *saratani*. Nikajificha nyuma ya neno la kazi. Nikasema, "Alama ziko juu, somo. Juu sana." Nawe ukajibu kama Mwislamu anavyojibu kwa jema na kwa baya: "Alhamdulillahi."

Sikujua kwamba simu ulikuwa umeiweka mkekani, sauti imefunguliwa, Mwanasiti akipepeta mchele kando yako. Mke wa mwalimu! Nyumba ambayo kwa miaka thelathini alama zikiwa juu mtu huchinjiwa kuku! Alisikia *alama ziko juu*, akasikia *Alhamdulillahi*, akapiga vigelegele mpaka nikavisikia mimi huku Msambweni, bila kujua ni vya nini.

Nilipofika Gazi alasiri, sufuria ilikuwa mekoni. Majirani wamekaa. Mtu akaniita kutoka mbali, "Mzee Salim, mwalimu kafaulu!" Mwanasiti akanishika mkono kwa mikono miwili, yenye harufu ya bizari. "Shemeji, mleta heri, kaa hapa, kaa hapa." Ukanitazama juu ya vichwa vya watu. Ukasema unanipeleka nikaoshe mikono, tukaenda nyuma ya nyumba.

Nilisema nitawaambia sasa hivi. Ukasema, "Thubutu." Kisha kwa upole: "Mtazame. Tangu vidonge vianze sijamwona akipika akiimba. Waache wale. Nitamwambia mwenyewe kwa wakati wangu. Hii ni amana, somo." Nikakupa mkono. Ukanisukuma begani: "Na ukilia, sema ni pilipili."

Nilikula sahani mbili. Ilikuwa pilau nzuri kuliko zote nilizowahi kula, na sijui nimlaumu nani kwa hilo.

Kinyama kilikatwa Mombasa, na kikasema lile ambalo alama zilikuwa zimelielekeza. Mwanasiti ulimwambia umekwenda kutolewa maji. Miezi mitano. Kila nilipokuuliza umeshamwambia, ulisema kesho. Sikukulaumu. Ilikuwa miezi mizuri, hilo nalo nitasema. Tuliketi barazani kwako tukabishana kuhusu viambishi, tukahesabu walimu wetu waliokufa, tukamkumbuka yule wa rejista. Na kila Ijumaa alikuja kaka yako Kombo.

Miaka miwili hamkusemezana kwa ajili ya mpaka wa minazi ya baba yenu. Alikuja na dafu moja, akalichonga mlangoni bila neno, akaliweka, akaenda zake. Ulikunywa lote. "Mkaidi," ulisema, "lakini dafu lake tamu." Nilidhani wazee wawili wanaombana radhi kwa njia wanayoiweza. Watu wengine waliokuwa wakipita njiani waliona kitu kingine.

Ulipofariki, swali lilikuwa moja tu: mwalimu alifaulu, alama zilikuwa juu, tulikula pilau yake, sasa kafa vipi? Nami nilikuwepo matangani, nikalisikia, nikanyamaza. Nilijiambia swali likikosa jibu litachoka. Halikuchoka, somo. Lilitafuta jibu, likakumbuka mpaka wa minazi, likakumbuka madafu, likasema Kombo kamroga. Kwanza akina mama waliacha kuchota maji Kombo akiwa kisimani. Kisha watu wakaacha kukaa safu moja naye msikitini. Kisha vijana wakamwendea wakampa siku saba ahame. Wewe na mimi twajua mambo hayo huishia wapi kwetu. Mzee mwenye mvi na macho mekundu hahitaji ushahidi mwingine.

Alikuja kwangu siku ya nne, na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa akienda kwa binti yake Mackinnon Road. Alisema amekuja kuniaga tu. Alikunywa chai, akaniuliza habari za magoti yangu. Alipoinuka akasema, "Salim, wewe ndiye uliyeichukua ile karatasi. Hebu niambie mimi tu, nisife na swali. Ndugu yangu alikuwa akipona?"

Nilimwambia alale kwangu, asiende bado.

Nilikaa na amana yako siku mbili. Najua uzito wake. Ahadi kwa maiti haina wa kuifuta, maana aliyeishika kamba upande wa pili hayupo. Nilijaribu kukuuliza ungetaka nini. Sikupata jibu lako, nikajijibu mwenyewe, na kama nimekosea, dhambi ni yangu. Nilijiambia: ulinipa siri ili mtu mmoja afurahi. Hukunipa ili mtu mwingine auawe.

Ijumaa, baada ya sala, nilimwomba imamu ruhusa. Nikasimama na karatasi. Sikujificha tena: nikasema *saratani* mara ya kwanza tu nilipofungua mdomo, nikaona vichwa vikiinuka. Nikawaeleza alama ni nini. Nikawaeleza kwamba za darasani zikipanda ni furaha na za maabara zikipanda ni msiba, na kwamba mimi ndiye niliyelitamka neno hilo kwenye simu kwa sababu niliogopa kutamka jingine. Nikatumia samaki wako. Walimwelewa samaki kuliko mengine yote.

Kijana mmoja, mmoja wa wale wa siku saba, akauliza, "Sasa mzee, ile pilau tulikula ya nini?"

Nikasema, "Ya kosa langu."

Halafu kutoka pembeni sauti ya kizee: "Ilikuwa tamu lakini." Watu wakacheka, wengine wakifuta macho, na nikajua Kombo hatakwenda Mackinnon Road.

Kijana yule alikuja kwangu jioni ile ile kumchukulia mfuko. Akasema, "Shikamoo, babu," kichwa chini, mkono ameunyoosha. Kombo aliuacha ule mkono hewani kwa muda, nikadhani hataupokea. Akaupokea. Hakusema marahaba mpaka walipofika barabarani. Yuko nyumbani kwake sasa. Safu imejaa tena msikitini. Lakini madafu hampelekei mgonjwa yeyote, na simlaumu.

Nilikwenda hospitalini pia, kumwomba yule daktari waache kusema alama. Akaniuliza, "Tuseme nini basi, mzee?" Nikasema kiashiria. Akasema wagonjwa hawatalielewa. Nikasema ndiyo heri: asiyeelewa huuliza, lakini anayedhani ameelewa hupika pilau. Aliandika hilo mahali.

Na sasa lililobaki, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilidhani nimemaliza. Nimewaeleza wote, nimemwokoa mtu, mambo yamenyooka. Kisha nikaenda kumwona Mwanasiti, nikapiga hodi, na mlango haukufunguliwa. Alisema kutoka ndani, "Umewaeleza wanaume wa msikitini kabla yangu mimi. Kilichomuua mume wangu nimekuja kuambiwa na jirani, nikianika nguo." Kisha akasema lile ambalo siwezi kulitoa kichwani: "Mumeniacha nikayapigia mauti vigelegele, shemeji. Wewe na yeye. Wasomi wawili."

Mimi! Katika maisha yangu yote ya kueleza watu, nilimruka yule mmoja aliyekuwa na haki ya kuelezwa kwanza. Na wewe ulimruka kabla yangu, somo. Ulidhani unamlinda. Kwa kweli tulimwacha peke yake miezi mitano ndani ya furaha ambayo sisi wawili tulijua haina sakafu. Angeweza kukuaga. Angeweza kukuuliza mambo. Alikuwa akikukaangia mihogo na kupanga utakavyorudi kulima baada ya mvua.

Nimekwenda kila Ijumaa tangu hapo. Napiga hodi, nasalimu, nakaa kibarazani robo saa, naondoka. Wiki ya sita alijibu salamu. Wiki iliyopita alisogea karibu na mlango, nikaona kivuli cha miguu yake chini. Akasema, "Yeye hayupo," vile alivyozoea kuniambia ukiwa umetoka, na nafikiri lilimponyoka. Kisha akasema, "Njoo Ijumaa. Unieleze mimi. Tangu mwanzo, na usinirukishe kitu."

Kesho ni Ijumaa. Nimetoa karatasi zote, za maji na za kinyama, nimezipanga. Nitamweleza maji yalikaa wapi na kwa nini yalirudi. Nitamweleza alama. Na nitamweleza la nyuma ya nyumba, kwamba nilitaka kusema ukanizuia, na kwamba uliposema *mtazame* sauti yako ilitetemeka. Najua hungependa alijue hilo. Lakini ameniomba nisimrukishe kitu, na safari hii namtii yeye.

Akinifukuza, nitaondoka, nirudi Ijumaa nyingine. Akilia, nitakaa. Akiuliza swali nisilolijua jibu, nitasema sijui. Nakuahidi hilo, nawe wajua ni gumu kwangu kuliko yote niliyowahi kukuahidi.

Mola akupanulie ulipo, somo. Nisamehe amana, na uniombee ulimi mwepesi kesho, wa maneno machache.

Somo yako,
Salim
Msambweni